Jina Lisilokuwemo Kati ya Majina 442

Mwaka 1972 timu za ligi ya NFL ya Marekani zilichagua vijana 442 kutoka vyuoni. Chuck Ealey hakuwemo. Kwa misimu mitatu alikuwa kwotabaki wa Chuo Kikuu cha Toledo, Ohio, na katika mechi 35 alishinda zote 35. Kwotabaki ndiye kiongozi uwanjani: mpira ukianza humjia yeye, naye huamua autupe, amkabidhi mwenzake au akimbie nao. Ealey ni Mweusi, na enzi zile makocha wengi waliamini kwamba Mweusi ana mbio, ila kuongoza ni kazi ya wengine.

Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na darasani tunahimizwa kutafuta waraka. Lakini ubaguzi wa namna hii hauandikwi kwenye kumbukumbu za kikao. Basi nikiegemea jina lililokosekana, naweza kupingwa. Mwaka huohuo Pittsburgh ilimchagua Joe Gilliam, kwotabaki Mweusi wa Tennessee State, japo katika raundi ya 11. Isitoshe, Ealey mwenyewe alikuwa ameziarifu timu kwa barua kwamba hatacheza nafasi nyingine yoyote. Je, si yeye aliyejifungia mlango?

Mimi naona barua hiyo ndiyo waraka tunaoutafuta. Kijana ambaye hajawahi kushindwa haombi aachwe kwenye nafasi yake, isipokuwa anajua yaliyowapata waliomtangulia: walisajiliwa, kisha wakahamishwa kuwa wapokeaji au walinzi.

Akavuka mpaka hadi Hamilton, Kanada, kuichezea Tiger-Cats. Huko nako hakukuwa peponi. Mwaka 1951 timu hiyohiyo ilimpa Bernie Custis, Mweusi kutoka Syracuse, nafasi ya kwotabaki. Akang'ara, na msimu uliofuata akahamishiwa nafasi ya mkimbiaji. Hata hivyo, mchezo wa Kanada wenyewe ulimfaa Ealey. Uwanja ni mpana zaidi, na timu ina majaribio 3 tu ya kusogeza mpira yadi 10, wakati Marekani ni 4. Kwotabaki anayeweza kurusha na kukimbia ni mali.

Tarehe 3 Desemba 1972, kwenye uwanja wao wa nyumbani, Hamilton waliifunga Saskatchewan 13–10 na kutwaa Kombe la Grey. Ealey, akiwa katika msimu wake wa kwanza, alitangazwa mchezaji bora wa fainali.

Baadaye alichezea Winnipeg na Toronto, akastaafu mwaka 1978 bila kucheza hata mechi moja ya NFL. Mwaka 2022 Marekani ilimwingiza kwenye ukumbi wa heshima wa wachezaji wa vyuo. Alikuwa na miaka 72.