Kinatembea au Anatembea?

Nilikuwa nikiwaandikia wanafunzi wa sekondari maelezo ya mchezo wa kihisabati uliobuniwa na John Conway huko Cambridge. Mchezo huo ulijulikana duniani Oktoba 1970, Martin Gardner alipoandika juu yake katika jarida la Scientific American. Kuna umbo dogo ndani yake linalokatiza ukurasa, na nilipokuwa nalieleza, ukurasa wa kwanza niliandika "kinasogea". Ukurasa wa pili, bila kukusudia, mkono ukaandika "anasogea". Nilipoisoma tena rasimu nikaweka kalamu chini. Kiambishi kile kilikuwa kimejibu swali ambalo mimi sikuwa nimejiuliza.

Mchezo wenyewe kwa Kiingereza una jina la maisha. Mimi nauita Mchezo wa Uhai, kwa sababu maisha kwetu yamejaa kodi ya nyumba na ada za shule, ilhali uhai ni kitu ambacho unacho au huna. Chukua daftari la hesabu, lile la vijumba. Kila kijumba kiko hai au kimekufa, na kina majirani wanane. Kilicho hai kikiwa na majirani hai wawili au watatu, kinabaki. Kilichokufa kikizungukwa na watatu kamili, kinazaliwa. Vingine vyote vinakufa au vinabaki vimekufa. Hukumu hutolewa kwa vijumba vyote kwa mpigo mmoja, na mpigo huo ni kizazi. (Wapo wanaosema seli badala ya kijumba. Sina ugomvi nao, ila seli humpeleka msomaji kwenye biolojia au kwenye kituo cha polisi, na hapa hatuendi kokote kati ya huko.)

Sasa tia nukta tatu mfululizo kwenye mstari mmoja. Juu ya ile ya kulia weka ya nne. Panda mstari mmoja zaidi, weka ya tano juu ya kijumba cha katikati. Fuata kanuni kwa penseli, taratibu, ukihesabu majirani. Kila kizazi viwili vinakufa na viwili vinazaliwa. Kizazi cha pili umbo linatokea kama kwenye kioo, limegeuka upande. Cha nne limerudi vilevile kama ulivyolichora, ila sasa liko kijumba kimoja chini na kimoja kulia. Limesogea kimshazari.

Rudia hesabu hiyo, safari hii ukivifuatilia vile vitano vya mwanzo kimoja kimoja. Kufikia kizazi cha nne vyote vimekufa. Kimoja kimewaka tena, lakini baada ya kuzimika kwanza. Hakuna kijumba kilichoondoka mahali pake hata mara moja. Kwenye bao mkono huchota kete na kuzipanda shimo hadi shimo, na kete iliyofika ni ileile iliyoondoka. Hapa hakuna mkono wala kete. Kuna mwendo pasipo mwendaji, na Kiswahili, kinachopenda kumtoa mtendaji kwenye kitenzi kama kukamua tui kwenye nazi, kinabaki kimeduwaa.

Aliyeliona umbo hili kwanza ni Richard Guy, katika siku ambazo Conway na wenzake walikuwa wakifanya kazi yote kwa mkono, kwa vidonge vya mchezo wa Go vilivyotandazwa kwenye mbao. Guy alikuwa akifuatilia umbo jingine la vijumba vitano, lenye fujo nyingi kiasi kwamba halitulii mpaka kizazi cha 1,103, ndipo akawaambia wenzake kwamba kuna kipande kinachotembea. Kiingereza hakikumlazimisha kuamua kama kitembeacho kina roho. Sisi tunalazimishwa kila tunapofungua kinywa.

Conway alilipa umbo hilo jina la kuteleza, kwa sababu ya kule kugeuka kama kwenye kioo huku likisogea, jambo ambalo wanajiometri wana jina lake. Nimejaribu "kitelezi" na nimekiacha. Utelezi kwetu ni tope la masika na mguu ulioponyoka. Ulimi ukiteleza, umekosea. Kiumbe hiki hakikosei hatua. Tena Conway mwenyewe baadaye aliona kwamba kinafanana zaidi na mdudu anayetembea, chungu yule mdogo. Sisimizi, basi. Ukishasema sisimizi, sarufi inakukamata: sisimizi anatembea, sisimizi wanagongana.

Najua pingamizi zito dhidi ya jina hilo, na ni la Kiswahili chenyewe. Kipepeo na kinyonga wana ki- mwanzoni lakini tunasema anaruka, anatambaa. Kivuli na kimbunga havikupewa heshima hiyo, ingawa vyote viwili huenda. Kimbunga ni ndugu wa karibu wa umbo letu: hewa inaingia na kutoka, umbo ndilo linaloendelea na safari. Mei 2024 kilipokaribia pwani ya Tanzania kikiwa na jina la mtu, Hidaya, bado tulisema kinasogea, kimepungua nguvu. Virusi navyo, vilivyo mpakani mwa uhai, tulisema vinaenea, mwaka 2020, mwaka ambao Guy alifariki Machi akiwa na miaka 103 na Conway akafariki Aprili kwa UVIKO-19. Kwa kipimo hicho, vijumba vitano vya penseli vinastahili ki- tu.

Lakini kimbunga hakina wazazi. Katika mchezo huu tumeshasema kuzaliwa, kufa, jirani, kizazi, na hatukusema kwa utani; hakuna maneno mengine yanayobeba kanuni hizo vizuri kuliko hayo. Kinachohama kwenye ukurasa ni kama ukoo: waliofika siyo walioondoka, na bado wote tunajua ni ukoo uleule. Kwa hiyo nimekubali kosa la mkono wangu. Anatembea.

Vyombo vikubwa havina utata huo. Conway aliona maumbo matatu yanayokwenda moja kwa moja, si kimshazari, vijumba viwili kwa kila vizazi vinne, mara mbili ya mwendo wa sisimizi. Dogo lina vijumba 9 linapoanza, la kati 11, kubwa 13. Waingereza waliyaita vyombo vya angani na kuyatofautisha kwa uzito. Pwani yetu haina haja ya mizani: ngalawa, mashua, jahazi. Na liko jingine linaloacha takataka nyuma yake njia nzima, ambalo jina lake lilikuwa likitusubiri tangu reli ya kwanza. Garimoshi.

Lililonisumbua zaidi ni neno mzinga. Conway alidhani hakuna umbo linaloweza kukua bila kikomo, akaahidi dola 50 kwa atakayethibitisha au kukanusha. Novemba 1970 kundi la Bill Gosper huko MIT lilishinda kwa umbo la vijumba 36 linalorusha sisimizi mmoja kila baada ya vizazi 30, bila kuchoka. Waliliita bunduki. Mzinga lingefaa, na lingefaa mno: kitu chenye tundu, kinachotoa wadudu mmoja baada ya mwingine. Tatizo ni kwamba mchezo tayari una mzinga wa nyuki, vijumba sita vilivyotulia vikizunguka viwili vitupu, na huonekana karibu kila unapoucheza. Kiingereza kina maneno mawili mbalimbali kabisa. Sisi tuna gogo moja lililotobolewa, la asali na la baruti.

Mzinga nimewaachia nyuki. Lile la Gosper nimeliandika kichuguu. Watu wa bara wataniambia kichuguu ni cha mchwa, nami nakubali, lakini chungu nao huingia humo, na sitaki baruti mahali ambapo hakuna anayepigwa. Vizazi 30, sisimizi anatoka. Vizazi 30 tena, mwingine, nyuma yake, kwenye njia ileile.