Kuanua: Istilahi ya Michakato Iliyofiwa na Mzazi

Miongoni mwa istilahi za kompyuta zilizopokewa katika Kiswahili bila kupimwa, ni chache zilizopotosha kazi kama "kusafisha michakato watoto", usemi unaotumika katika orodha kadhaa za istilahi kwa maana ya kuikomesha michakato iliyoanzishwa na programu ambayo baadaye imekufa ghafla, kabla ya kuisimamisha yenyewe. Makala haya yanashikilia kwamba istilahi sahihi ya kitendo hicho ni kuanua, kwamba neno hilo lilikuwamo katika lugha kabla ya kompyuta kuwapo, na kwamba walioliweka kando hawakulishinda kwa hoja.

Kusafisha ni kitenzi cha kusababisha kilichojengwa juu ya sifa "safi", neno lililotoka katika Kiarabu kwa maana ya kitu kisicho na taka wala mchanganyiko, na tabia yake katika sarufi haibadiliki: kinachosafishwa hubaki, kinachoondoka ni uchafu. Anayesafisha nyumba huiacha nyumba ikisimama, anayesafisha samaki hutupa magamba na matumbo akabaki na samaki, na anayesafisha watoto huwaogesha kisha akawavisha. Kwa hiyo anayeagizwa asafishe michakato watoto ameagizwa, kwa mujibu wa kanuni za lugha, aibakize michakato hiyo ikiwa imetakata, ilhali kinachotakiwa ni isiwepo tena. Watetezi wa istilahi hiyo hujibu kwamba msomaji ataelewa kutokana na muktadha, jibu ambalo likikubaliwa halitaacha haja ya istilahi hata moja, kwa kuwa kazi ya istilahi ni kumwondolea msomaji mzigo wa kubahatisha.

Ubaya wa pili ni mkubwa zaidi, maana unagusa utendaji. Katika mifumo ya jamii ya Unix, ambako mchakato huzaa mwingine kwa wito uitwao fork, vifo hutokea kwa namna mbili zinazostahili maneno mawili. Mtoto akitangulia kufa, namba yake hubaki katika jedwali la michakato, na amri ya ps humwonyesha kwa herufi Z, mpaka mzazi atumie wito wa wait kupokea taarifa ya kifo. Mtoto huyo hatumii tena kumbukumbu yake wala muda wa kichakataji, na anachodaiwa mzazi ni kumzika tu, ingawa wapo walioliita tendo hilo kuvuna, kana kwamba maiti ni zao la shamba. Mzazi akitangulia kufa, mtoto yu hai: huendelea na kazi akiwa na faili alizofungua, kufuli alizoshika na poti anayosikiliza, na kiini cha mfumo endeshi humkabidhi, kwa kawaida, kwa mchakato namba 1, ambao humpokea bila kumsimamisha na huja kumzika siku atakapokufa mwenyewe. Orodha zilizotajwa huyaita mambo yote mawili kusafisha, na mwanafunzi anayesoma humo kwamba mchakato namba 1 "husafisha yatima" huamini kuwa hakuna kazi iliyobaki. Kisha seva yake inauawa kwa ishara namba 9, ambayo programu haiwezi kuidaka wala kuikinga. Anaiwasha upya, nayo inakataa kwa ujumbe kwamba anwani tayari inatumika. Akitazama kwa ps anamkuta mtoto wa seva iliyokufa angali ameshika poti 8080, na katika safu ya namba ya mzazi pameandikwa 1. Kosa hilo halikuanza kwenye programu yake, lilianza kwenye neno alilofundishwa.

Kuanua ni kinyume cha kuanika. Kiswahili kina jozi nyingi za kauli ya kutendua, ambamo kiishio -ika au -eka huliweka jambo na kiishio -ua hulitengua: funika na funua, bandika na bandua, pachika na pachua, ezeka na ezua. Anika na anua ni za ukoo huohuo, na kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inalo neno anua kwa maana ya kuondoa kitu juani au mvuani kisije kikaharibika. Thamani ya jozi hii ni kwamba haihitaji uchafu wowote ili ieleweke: kilichoanikwa ni mali ya mwanikaji, kimewekwa pale kwa makusudi na kwa muda, na tendo la kukitandaza hubeba ndani yake wajibu wa kukikusanya. Kisiwani Pemba, karafuu zikiwa zimetandazwa juu ya majamvi na wingu likatanda, hakuna anayesema zisafishwe, sauti inayopigwa ni "Anueni!", na kila aliye karibu hushika pembe ya jamvi. Anayeandika fork katika programu yake ameanika, na aliyeanika anapaswa kujua ni nani atakayeanua mvua ikinyesha naye hayupo.

Lugha yenyewe imekwisha kulifikisha neno hili msibani. Nchini Tanzania husemwa "kuanua tanga" kwa siku ambayo maombolezo hufungwa, waliokuja kuhani wakatawanyika, na wenye msiba wakaketi kuzungumzia madeni ya marehemu, vitu vyake na watoto wake. Mzazi amekufa, watoto wapo hai na mali imo mikononi mwao, na jambo halina budi kufikishwa mwisho: ni vigumu kupata picha iliyo karibu zaidi na hali ya michakato iliyofiwa na mzazi. Tena kitenzi hunyambulika bila kulazimishwa. Programu inayojifunga kwa utaratibu huanua watoto wake. Programu iliyouawa kwa ghafla huanuliwa watoto wake na mwingine, kwa sababu kauli ya kutendea hutupatia kuanulia, neno ambalo majirani hulitumia kila mvua inapomkuta mwenye nguo yuko sokoni. Mchakato namba 1 unaopokea na kungoja tu ni mzishi; msimamizi wa huduma kama systemd, anayewakomesha waliobaki huduma inaposimama, ni mwanuliaji. Tofauti ambayo kusafisha kuliifuta hurudi yenyewe mara maneno haya yanapotumika.

Pendekezo la kuanua lilipofikishwa mbele ya jopo moja la istilahi, lilirudishwa kwa sababu mbili zilizoandikwa katika mstari mmoja. Ya kwanza ilisema kwamba hilo ni neno la uani lisilo na hadhi ya kitaalamu, kauli inayosikitisha ikitoka kwa watu waliokabidhiwa lugha waitunze. Waliojenga Unix katika Bell Labs kuanzia mwaka 1969 hawakuvionea haya vitu vya nyumbani: njia ya kupitisha data kutoka programu moja hadi nyingine, ambayo Doug McIlroy aliipigania mpaka ikaingizwa mwaka 1973, iliitwa bomba, na hakuna mhandisi aliyeidharau kwa kuwa fundi wa maji naye analijua jina hilo. Sababu ya pili ilidai kwamba kinachoanuliwa sharti kiwe kitu kisicho na uhai, hoja ambayo kuanua tanga kumekwisha kuijibu. Iliyobaki ni sababu isiyoandikwa, nayo ni kwamba orodha ya jopo ilikuwa imeshapigwa chapa.

Matumizi yaelezwe kwa ufupi. Kundi la michakato ni kamba ya nguo: ishara moja inayotumwa kwa kundi huwafikia wote waliomo, lakini mtoto aliyetumia wito wa setsid ameshatoka kwenye kamba. Cgroup ya Linux, yaani kundi la udhibiti ambamo mchakato huhesabiwa pamoja na wazao wake, ni jamvi, kwa kuwa wajukuu na vitukuu nao wamo. Ndiyo maana systemd huanua kwa cgroup nzima isipoagizwa vingine, na tangu Linux 5.14 ya mwaka 2021 kuandika 1 katika faili la cgroup.kill hulikunja jamvi lote kwa mara moja. Windows hutumia Job Object iliyowekewa sharti la kuwaua wote inapofungwa. Pasipo jamvi, mtoto wa Linux anaweza kuomba kwa PR_SET_PDEATHSIG apelekewe ishara mzazi akifa, mradi akishaomba ahakikishe kwamba mzazi hajatangulia kufa.

Mwongozo wa programu unaweza basi kuandikwa hivi: "Mzazi akifa kabla ya kuanua, msimamizi wa huduma humwanulia." Anayeisoma sentensi hiyo anajua deni ni la nani na ni nani amelilipa kwa niaba yake, anayesoma kwamba michakato watoto imesafishwa hajui hata kama imeondoka au ingalipo.