Mzigo wa Giaboksi: Kutoka Kilima cha Stanmore hadi Barabara Zetu za Vumbi

Reli ya Jubilee ya London huishia Stanmore, kaskazini-magharibi mwa jiji. Juu ya kilima cha mtaa huo kuna jumba kubwa la kale liitwalo Bentley Priory. Siku hizi sehemu yake ni makumbusho, lakini kuanzia Julai 1936 lilikuwa makao makuu ya kikosi cha ndege za kivita za Uingereza, chini ya Hugh Dowding. Vita vya angani vya mwaka 1940 viliongozwa kutoka humo.

Mpenzi wa Land Rover au Land Cruiser ya dizeli anaweza kudhani kilima hicho hakimhusu. Mimi naona kinamhusu sana. Swali linalobishaniwa kila siku na mafundi wa Grogan kule Nairobi, Gerezani kule Dar es Salaam na Katwe kule Kampala lilikwisha kuulizwa hapo Stanmore, wakati ambapo jibu baya lilimgharimu mtu uhai: injini iongezwe nguvu kiasi gani kabla vyuma havijaanza kulipa?

Mwaka ule wa 1940 ndege za Hurricane na Spitfire zilianza kutumia petroli ya okteni 100. Mafuta hayo yaliiruhusu injini yao, Merlin ya Rolls-Royce yenye lita 27, kusukumiwa hewa nyingi zaidi. Shinikizo lilipanda kutoka ratili 6 na robo hadi ratili 12 kwa kila inchi ya mraba, na nguvu ikapanda kutoka takriban farasi 1,000 hadi zaidi ya 1,300. Zawadi hiyo ilikuja na masharti. Rubani aliruhusiwa kuitumia kwa dakika 5 tu, wakati wa hatari, na akitua alilazimika kusema ameitumia, nayo ikaandikwa kwenye daftari la injini. Agosti 1940 Dowding aliviandikia vikosi vyake kuwaonya marubani waliokuwa wakiifungulia nguvu hiyo bila haja ya kweli, kwa sababu walikuwa wakiziweka injini zao hatarini.

Onyo hilo nalihesabu kuwa mwanzo mzuri wa historia hii.

Injini iliyopunguzwa makali

Merlin haikubaki angani peke yake. Wahandisi wa Rolls-Royce waliichukua, wakaiondolea kifaa cha kusukuma hewa, wakaifunga kwenye vifaru na kuiita Meteor. Injini iliyotoa zaidi ya farasi 1,000 ndani ya ndege ikatulizwa hadi 600 hivi ndani ya kifaru cha Cromwell. Kifaru hupanda, husimama, hugeuka papo hapo na kukanyaga matope. Kilihitaji injini itakayovuta kutwa nzima na kesho ikawaka tena.

Mwaka 1943 kazi ya Meteor ilihamia kampuni ya Rover, ambayo nayo iliwaachia Rolls-Royce mradi wake wa injini za jeti. Miaka 5 baadaye, tarehe 30 Aprili 1948, Rover hiyo hiyo ilionyesha mjini Amsterdam gari dogo la shamba lililobuniwa na Maurice Wilks: Land Rover. Injini yake ya petroli ya lita 1.6 ilitoa farasi 50 tu. Dizeli ya kwanza, ya lita 2.0, ikafuata mwaka 1957, kisha ile ya lita 2.25 mwaka 1961, yenye farasi 62.

Ndizo Landrova zilizoingia Kenya, Uganda na Tanganyika, zikabeba mabwana shamba, askari wa wanyamapori, madaktari na mapadri. Zilipanda milima kwa mwendo wa kinyonga. Abiria alinung'unika, lakini alifika.

Hata kwa nguvu ndogo hiyo, Landrova za zamani zilikuwa na pahala pao pa kukatika: ekseli fupi za nyuma, zile zinazotoka kwenye difu kwenda gurudumuni. Dereva akiachia klachi kwa pupa huku gurudumu limenasa kwenye mwamba, ekseli ilikatika kama muwa. Madereva wa safari ndefu walibeba ya akiba, kwa sababu kuibadili ni kazi ya kufungua bolti chache kando ya njia na kuichomoa. Dereva aliyewahi kuibadili juani alijua tangu hapo kwamba injini ikizidiwa huzimika, ila chuma kilicho mbele yake kikizidiwa huvunjika.

Namba zilizoandikwa kwenye chuma

Hapa tutenganishe maneno mawili yanayochanganywa gereji. Nguvu farasi ndiyo inayolipa gari mbio. Msokoto, unaopimwa kwa nyutonimita, yaani Nm, ndio unaolitoa gari matopeni, na ndio mzigo unaobebwa na giaboksi.

Waingereza waliandika kipimo cha mzigo huo kwenye majina ya vyuma vyenyewe. Giaboksi ya LT77 iliitwa hivyo kwa sababu kati ya shafti zake mbili kuna milimita 77. LT95, iliyokuwa nzito zaidi, ina milimita 95. Kadiri shafti zinavyoachana ndivyo gia zinavyokuwa kubwa na meno yanavyonenepa. Mwaka 1994 ikaja R380, na hiyo 380 ni kiwango cha juu cha msokoto inaoweza kupokea: Nm 380.

Sasa tufanye hesabu. Kwenye Defender ya miaka ya 1990, gia ya kwanza huzidisha msokoto wa injini mara 3.69. Transfa ikiwa kwenye gia ya chini huuzidisha tena mara 3.32, na difu mara 3.54. Ukizizidisha zote unapata takriban mara 43. Kwa hiyo fundi akiongeza Nm 10 tu kwenye injini, na gari likawa linapanda mlima kwa gia hizo, ekseli zinatwikwa zaidi ya Nm 400 za ziada. Injini haina habari. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na injini huutazama mzigo wa giaboksi kwa jicho hilo hilo.

Tabo ilipoingia

Injini ya dizeli huongezwa nguvu kwa njia moja ya msingi: ipewe dizeli zaidi na hewa ya kutosha kuiunguza. Kwenye pampu za zamani fundi alizungusha skrubu, basi. Moshi mweusi uliotoka nyuma ulikuwa dizeli iliyokosa hewa. Tabo ndiyo iliyoleta hewa hiyo.

Mwaka 1986 Land Rover walifunga tabo kwenye dizeli yao ya lita 2.5 na kupata farasi 85. Wengi walioinunua waliijua kwa pistoni zilizopasuka. Somo likaeleweka, na mwaka 1989 ikatoka 200Tdi, iliyonyunyizia dizeli moja kwa moja ndani ya silinda, kisha 300Tdi mwaka 1994. Hizi ndizo injini ambazo mafundi wengi wa Afrika Mashariki huzisifu hadi leo. Kwenye Defender, 200Tdi ilitoa Nm 255 hivi.

Cha ajabu ni kwamba hata hapo maradhi mabaya ya giaboksi hayakutokana na nguvu peke yake. Pale shafti kuu ya giaboksi inapoingia kwenye gia ya transfa, meno yaliliwa taratibu kwa kukosa oili, mpaka siku moja injini inaunguruma na gari limesimama. Dawa ilikuwa gia yenye matundu yaliyotobolewa ili oili ipenye hadi kwenye meno hayo. Matundu machache yaliokoa magari mengi kuliko farasi wowote walioongezwa.

Mwaka 1998 ikaja Td5, injini ya silinda 5 inayoendeshwa kwa kompyuta, ikiwa na Nm 300 ndani ya Defender. Sasa kupandisha nguvu hakukuhitaji bisibisi. Mtu aliunganisha kompyuta yake na gari, akaandika upya programu, akaondoka. Lakini soma tena jina la giaboksi iliyofungwa nyuma ya injini hiyo: R380. Kiwanda kiliacha nafasi ya Nm 80 kati ya injini na ukomo wa chuma. Nafasi hiyo imewekwa kwa ajili ya mlima, trela, joto na dereva aliyechoka. Anayeijaza yote kwa programu ameitumia akiba ya nyumba kununua viatu.

Toyota na uamuzi wa kujizuia

Toyota walikuja na falsafa hiyo hiyo kwa lugha nyingine. Injini ya 1HZ ilitoka mwaka 1990: silinda 6, lita 4.2, haina tabo, Nm 285 hivi. Kwa ukubwa huo ni nguvu ya unyenyekevu. Ndiyo iliyobeba watalii Serengeti, misaada ya wakimbizi na polisi wa mpakani.

Wengi wameifunga tabo. Inawezekana, lakini 1HZ hubana hewa zaidi ya mara 22, wakati ndugu yake 1HD-T, aliyezaliwa na tabo yake, hubana chini ya mara 19. Ukiisukumia hewa nyingi na dizeli nyingi bila kupima joto la moshi, silinda hedi hupata nyufa. Ikinusurika hedi, zamu ni ya klachi, kisha giaboksi.

Tazama pia walichofanya Toyota wenyewe. Dizeli yao ya V8 ya lita 4.5, iliyotoka mwaka 2007, ilipewa Nm 650 ndani ya Land Cruiser 200, ikiwa na tabo mbili na giaboksi ya otomatiki. Ndani ya mfululizo wa 70, ikiwa na tabo moja na gia za mkono, iliwekewa Nm 430. Hilux ya lita 2.8 tangu mwaka 2020 ina Nm 500 kwa otomatiki na Nm 420 kwa gia za mkono. Kwenye Hilux hiyo injini ni ile ile. Kilichobadilika ni giaboksi iliyo nyuma yake.

Waliojua kufika

Afrika Mashariki ilikuwa na mwalimu wake wa somo hili. Joginder Singh, mwana wa Kericho aliyeanzia kazi gereji, alishinda Safari Rally mwaka 1965, 1974 na 1976. Magari yake ya ushindi hayakuwa ya dizeli wala ya kuvuta kwa magurudumu manne, na Volvo aliyoshinda nayo mwaka 1965 ilikuwa imekwisha kutumika. Lakini kati ya Safari 22 alizoshiriki alimaliza 19, katika mashindano ambayo magari mengi yaliishia porini. Alifariki London mwaka 2013, katika jiji lililopokea maelfu ya Waafrika Mashariki wenye asili ya Asia, waliotoka Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960 na Uganda mwaka 1972. Wengi wao waliweka makazi Harrow, wilaya ambayo Stanmore ni mtaa wake.

Kenya pia imekuwa na Rhino Charge tangu mwaka 1989, mashindano yaliyochangia uzio wa takriban kilomita 400 kuizunguka milima ya Aberdare. Timu hupewa saa 10 kupita vituo 13, na mshindi ni aliyetumia kilomita chache zaidi, sio aliyekimbia. Mwenye injini kali na ekseli dhaifu hulala bondeni.

Stanmore ya leo

Tarehe 29 Agosti 2023 eneo la ULEZ, la kulinda hewa ya London, lilipanuliwa hadi mitaa yote ya jiji. Baraza la Harrow lilikuwa miongoni mwa mabaraza matano yaliyopinga mahakamani na kushindwa. Sasa gari la dizeli lisilofikia kiwango cha Euro 6 hulipa pauni 12.50 kwa kila siku linapotembea Stanmore. Defender za Tdi na Td5 zimo humo. Mimi siiombolezi sheria hiyo: mapafu ya mtoto yana thamani kuliko gari, na fundi anayeng'oa kichujio cha moshi ili kuongeza nguvu huwadhuru watu asiowaona.

Tusidhani pia kwamba magari hayo yatavuka bahari kuja kwetu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Uganda tangu mwaka 2018 imekataa yaliyozidi miaka 15. Oktoba 2024 mamia ya Land Rover zilikusanyika Arusha kuwania rekodi ya dunia ya msafara, na kila aliyeziona alitambua kuwa ni mali isiyotengenezwa tena: Defender ya zamani ya mwisho ilitoka kiwandani Januari 2016. Tulizonazo ndizo hizo, na kila giaboksi inayosagwa ni upungufu.

Kwa hiyo, ndugu mwenye gari, ukitaka kuongeza nguvu anzia nyuma kuja mbele. Badilisha oili ya giaboksi, transfa na difu. Kagua meno ya shafti. Pima klachi. Ijue namba ya giaboksi yako na ubaki chini yake. Baada ya hapo ndipo umwendee mwenye kompyuta.

Na uchukue desturi ya kile kilima. Rubani aliyetua na kusema kweli kwamba ameitumia ile nguvu ya ziada alimpa fundi nafasi ya kuiokoa injini kabla ya safari nyingine. Nawe ukirudi safari ya masika, ulikovuta lori lililonasa kwa gia ya kwanza nusu saa nzima, usimkabidhi fundi ufunguo kimya kimya. Mweleze, na iandikwe.