Rangi za terminali zikikugomea, anzia hapa
Juzi nilikuwa narekebisha orodha ya karo za mayatima wa mtaani kwetu kwenye seva, ndani ya Vim. Maandishi ya buluu yakamezwa na weusi wa skrini, nusura nifute jina la mtoto nisiloliona. Ndugu msomaji, yasikufike hayo.

Kwanza, andika `tput colors`. Ukijibiwa 8 ilhali terminali yako inamudu 256, jina lake limekosewa. Tazama `echo $TERM`. Mara nyingi yafaa iwe xterm-256color. Ukitumia tmux, humo weka default-terminal iwe tmux-256color, hifadhi kazi yako, kisha uifunge tmux yote na kuifungua upya.

Pili, zile rangi 16 za msingi programu huzitaja kwa nambari tu. Terminali ndiyo huamua buluu iwe ipi. Ing'arishe kwenye mipangilio yake, au ndani ya Vim andika `:set background=dark`.

Tatu, termguicolors iwashe pale tu terminali inapokubali rangi milioni 16, la sivyo zitavurugika.

Langu mimi lilikuwa la pili. Sasa majina ya watoto nayaona yote, alhamdulillahi.