Utani Kwenye Foleni ya Ukaguzi: Msafiri wa Mara kwa Mara na Mkaguzi wa Uwanja wa Ndege

Mwishoni mwa Januari 2008, TSA, idara ya serikali inayokagua abiria katika viwanja vya ndege vya Marekani, ilianza kujibizana na wasafiri hadharani kwenye intaneti. Malalamiko yalimiminika, na mengi yalikuwa hasira tupu. Katikati ya rundo hilo likazuka swali dogo la watu wanaosafiri sana: mbona viwanja fulani vinatulazimisha kutoa kila kifaa cha umeme kwenye begi, hadi waya wa kuchajia simu, ilhali kwingine wanataka kompyuta tu? Makao makuu yaliulizia huko chini. Ikabainika kwamba hapakuwa na agizo la namna hiyo, bali baadhi ya ofisi za viwanjani zilikuwa zimejitungia. Ndani ya siku chache utaratibu huo ukasitishwa, na idara ikakiri wazi kwamba wasafiri ndio walioufichua.

Kisa hiki huchukuliwa kama mfano wa huduma nzuri kwa mteja. Mimi nakisoma vingine. Jambo la kujiuliza ni nani hasa aliyejua kwamba kuna kasoro. Mkaguzi hakujua. Yeye alifundishwa hivyo siku ya kwanza kazini, na kwa kuwa kazi yake ni kusimama kwenye mkanda uleule, aliamini nchi nzima inafanya vilevile. Mkurugenzi naye hakujua, maana mwongozo aliousaini haukuwa na kitu hicho. Aliyejua ni yule aliyepita Jumatatu kwenye uwanja huu, Jumatano kwenye ule, na Ijumaa akarudi nyumbani kupitia wa tatu. Mkaguzi huona maelfu ya watu akiwa mahali pamoja. Msafiri wa mara kwa mara ni mtu mmoja anayeona mahali pengi. Kila mmoja ana nusu ya ujuzi, na hoja yangu ni kwamba urafiki wowote wa kweli kati yao hujengwa na kubadilishana nusu hizo. Adabu, tabasamu na bango la "asante kwa uvumilivu wako" ni mambo mazuri, lakini hayatoshi.

Nusu ya mkaguzi nayo ni nzito kuliko wasafiri wengi wanavyodhani. Bruce Schneier, mtaalamu wa usalama wa kompyuta, ndiye aliyelipa umaarufu lile wazo la maigizo ya usalama, yaani hatua zinazowafanya watu wajisikie salama bila kuwafanya wawe salama, na wasafiri wakalipokea kwa mikono miwili. Walikuwa na sababu. Mwaka 2015 ilivuja habari kwamba wapimaji wa siri wa serikali walifanikiwa kupitisha silaha na mabomu bandia katika majaribio 67 kati ya 70. Lakini anayesimama upande wa pili wa mkanda huona jambo lingine. Mwaka 2023 wakaguzi wa TSA walikuta silaha za moto 6,737 kwenye vituo vya ukaguzi, na takriban asilimia 93 zilikuwa na risasi ndani. Wengi wa wenye silaha hizo si magaidi. Ni watu waliosahau kilichomo kwenye begi. Msafiri anayekereka kwa kusubiri dakika kumi hajui kwamba begi lililosimamisha mkanda mbele yake lina bastola. Haambiwi, na wala mkaguzi hana ruhusa ya kumgeukia kumsimulia.

Hapo ndipo penye kikwazo kikubwa. Utaratibu wa ukaguzi nchini Marekani huhesabiwa kuwa habari nyeti za usalama, na kuzitoa ni kosa. John Gilmore, mwanaharakati wa haki za kidijitali, alikwenda mahakamani kupinga sharti la kuonyesha kitambulisho, na serikali ikakataa kuonyesha hadharani maandishi yenye sharti hilo. Januari 2006 mahakama ya rufaa iliyasoma faraghani, ikaamua kwamba yanafaa. Kisheria huenda shauri lilikwisha. Kwa mtazamo wa mazungumzo, mtu ameambiwa atii maneno ambayo haruhusiwi kuyasoma, na anayemwambia hivyo ni mfanyakazi ambaye naye haruhusiwi kuyanukuu. Kila swali la "kwa nini" linaishia kwenye "ndiyo sheria".

Chukua vimiminika. Agosti 2006 polisi wa Uingereza walivunja njama ya kulipua ndege zinazovuka Atlantiki kwa vilipuzi vya majimaji vilivyofichwa kwenye chupa za vinywaji. Kwa wiki kadhaa Marekani ilipiga marufuku karibu kila kimiminika kwenye begi la mkononi, kisha kuanzia 26 Septemba ikaruhusu vichupa vidogo ndani ya mfuko mmoja wa plastiki unaoonyesha. Sababu hii inaelezeka kwa sentensi mbili, na mtu mwenye akili akiisikia hata kama haikubali ataielewa. Lakini kwenye mkanda hakuna aliyekuwa na nafasi ya sentensi mbili. Vuli hiyohiyo, huko Milwaukee, msafiri mmoja aliandika kwa kalamu kwenye mfuko wake kwamba mkuu wa TSA ni mpumbavu. Akazuiwa, askari akaitwa, kisha akaachiwa aende zake. Ukiondoa upuuzi wa pande zote mbili, unabaki na mtu aliyekosa pa kusemea akaamua kuandika kwenye plastiki.

Mkuu aliyetajwa kwenye mfuko ule, Kip Hawley, alijibu kwa namna isiyo ya kawaida kwa mkuu wa usalama. Mwaka 2007 alikubali kufanya mahojiano marefu na Schneier, mkosoaji wake mkali kuliko wote, na mahojiano yakachapishwa. Schneier alimbana kuhusu kuvua viatu, vimiminika na orodha za majina ya wasioruhusiwa kupanda ndege, Hawley akajibu hoja kwa hoja. Hawakukubaliana katika mengi. Mwaka huohuo idara ilianzisha mfumo wa ndani ambamo mkaguzi yeyote aliweza kupeleka wazo na wenzake wakalipima. Nayaweka mambo haya pamoja kwa makusudi. Idara ilianza kuwasikiliza wasafiri wakati uleule ilipoanza kuwasikiliza wakaguzi wake, na sidhani ni bahati. Mfanyakazi asiyesikilizwa na bosi hawezi kumsikiliza abiria. Atampokeza tu amri aliyopokezwa.

Kiswahili kina neno ambalo vitabu vya huduma kwa mteja havina: utani. R. E. Moreau aliandika kuhusu utani wa Tanganyika katika miaka ya 1940, na A. R. Radcliffe-Brown alieleza mwaka 1940 kwamba uhusiano wa namna hii huchanganya urafiki na uhasama kwa makubaliano. Mtani hukutukana nawe hukasiriki, hukuchukulia kitu nawe hushtaki, na siku ya msiba yeye ndiye mwenye kazi. Kinachonivutia zaidi ni kwamba utani wa Afrika Mashariki una historia ya safari. Stephen Rockel, aliyeandika historia ya wapagazi wa Tanganyika, ameonyesha jinsi utani ulivyofuata njia za misafara ya karne ya 19, Wanyamwezi wakiwa watani wa watu ambao nchi zao walikuwa wakizipita. Msafiri na mwenye njia ni watu wenye kila sababu ya kushukiana. Mmoja ana mzigo, mwenzake ana mlango. Utani uliwapa lugha ya kusemeana ukweli bila mapanga kutoka alani.

Uwanja wa ndege umeufuta utani kabisa. Ni miongoni mwa mahali pachache ambapo mzaha mmoja kuhusu bomu unaweza kukuletea faini, na nadhani ni sawa, maana mkaguzi hana namna ya kupima mzaha kwa sekunde tatu. Matokeo yake ni kwamba uhasama upo lakini njia ya kuupunguza haipo. Ndiyo maana mazungumzo ya mtandaoni yalifanya kazi kwa muda. Watu husifia teknolojia, lakini kilichowasaidia zaidi ni kwamba hapakuwa na foleni nyuma yao. Msafiri alikuwa nyumbani, hakuna ndege ya kukosa. Mkaguzi alikuwa amevua sare. Abiria aliweza kusema kwa ukali kwamba alipapaswa kama mwizi, mkaguzi akajibu kwamba yeye pia hapendi kupapasa watu mia mbili kwa zamu moja, na wote wawili wakaendelea kuongea kesho yake. Ukali ukabaki, sumu ikapungua.

Wapo watakaosema huku ni kupamba mamlaka. Hawajakosea kabisa. Miaka ya baadaye sauti ya idara mtandaoni ilielekea kwenye vichekesho: picha za visu vya ajabu vilivyonaswa na maneno ya kuchekesha chini yake, hadi akaunti yake ya Instagram ikapata wafuasi zaidi ya milioni. Tangu 2015 msafiri anaweza pia kutuma picha ya kitu na kuuliza kama kitapita, akajibiwa haraka. Ni msaada wa kweli, na nimewahi kuutumia kwa ajili ya chupa ya asali. Lakini hapo msafiri anauliza na idara inajibu. Hakuna anayemwuliza msafiri ameona nini. Ukitaka kuona idara ikilazimishwa kusikiliza, tazama mashine za kupiga picha mwili mzima. Mahakama ya rufaa ya Washington iliamua Julai 2011 kwamba umma ulipaswa kuulizwa maoni kabla mashine hizo hazijafanywa kuwa ukaguzi wa kawaida. Maoni yakaanza kupokelewa Machi 2013, yakafika zaidi ya 5,000, na kanuni ya mwisho ikatoka Machi 2016. Karibu miaka mitano kwa swali moja, na mashine zilibaki.

Kilichouzima mjadala zaidi, kwa maoni yangu, hakikuwa vichekesho wala urasimu. Kilikuwa zawadi. Oktoba 2011 TSA ilianza kuwajaribu wasafiri wachache kwenye njia ya pekee, PreCheck, na watu wa kwanza kualikwa walikuwa wasafiri wa mara kwa mara wa mashirika mawili makubwa ya ndege. Humo huvui viatu, huvui mkanda, hutoi kompyuta. Desemba 2013 mlango ukafunguliwa kwa raia na wakazi wa kudumu wenye kulipa dola 85 kwa miaka mitano. Albert Hirschman aliandika mwaka 1970 kwamba mtu asiyeridhishwa na taasisi ana njia mbili: aondoke au aseme. Akaonya kwamba wanaoondoka kwanza mara nyingi ni walewale ambao sauti yao ingesikika zaidi. PreCheck iliwapa wajuzi wa viwanja mia moja mahali pa kuondokea bila kuacha kusafiri. Foleni ndefu ikabaki na mgeni, mzee, mama mwenye mtoto mgongoni, watu wasiosafiri mara za kutosha kujua kwamba uwanja wa jirani unafanya tofauti. Siwalaumu waliolipa. Ningekuwa na sifa ningelipa.

Hata hivyo uhusiano haukufa. Serikali ya Marekani iliposimama kwa siku 35, kuanzia 22 Desemba 2018, wakaguzi waliendelea kufika kazini bila mshahara, na katika miji kadhaa watu waliwapelekea vyakula na mahitaji ya nyumbani. Mtani huonekana msibani. Sitaki kuukuza mfano huu kupita kiasi, kwa kuwa msaada wa siku moja haubadilishi utaratibu wa mwaka mzima, ila unaonyesha kwamba watu walikuwa tayari kumwona mtu ndani ya sare.

Sisi wa pwani tunaingia kwenye habari hii kwa njia ya bizari. Tangu 30 Juni 2018, abiria anayepanda ndege ya moja kwa moja kwenda Marekani kutoka nchi nyingine anaweza kuzuiwa kuingia na kitu cha ungaunga kinachozidi mililita 350 kwenye begi la mkononi, wakaguzi wasipoweza kukitambua. Kanuni hiyo haikutungwa kwa kumfikiria mama anayekwenda kumwuguza binti aliyejifungua Minneapolis. Lakini mama huyo hasafiri bila kilo ya masala ya pilau, unga wa uji wa mzazi na pilipili manga ya kusagwa, na hataki kuviweka kwenye begi kubwa kwa sababu begi kubwa hupotea.

Nilimsindikiza shangazi yangu mwaka juzi. Kwenye uwanja mmoja wa kwetu, ambako alikuwa anapanda ndege ya kwenda Ghuba kuunganisha, kijana wa ukaguzi alisimamisha mkanda akaleta begi mezani.

"Shikamoo mama. Hili begi ni lako?"

"Marahaba mwanangu. Langu."

Akafungua pakiti moja, akanusa, akatabasamu kidogo. "Hii mama haina neno hapa kwetu. Hapa utapita. Lakini huko mbele, kabla ya ndege ya Marekani, watakuambia uitupe. Wao wanazuia unga kwenye begi la mkononi. Si kwamba wanakudhania vibaya, ni kwamba kwenye mashine unga wote unafanana."

Shangazi akamtazama. "Sasa mbona hawakuniambia nilipokata tiketi?"

"Hilo ndilo wanaloniuliza wote. Kila mama anayekwenda kwa mwanawe ana bizari. Kwa wiki napata watano, sita. Nilishawaambia wakubwa waandike karatasi, iwekwe pale wanapopima mizigo, kabla begi kubwa halijaondoka."

"Wakasemaje?"

Kijana akafunga pakiti vizuri kwa ile gundi ya karatasi, akairudisha mahali pake, akamwita mwenzake wa kaunta aangalie kama begi kubwa la mama bado halijashushwa chini.