Mali Bila Daftari: Kutoka Duka la Shule Hadi Duka la Mtandao



Mhariri aliponiomba niandike habari za duka la mtandao ambalo wanafunzi wetu walilitengeneza kwa ajili ya mashindano ya shule, nilidhani kazi itakuwa nyepesi. Lakini siku nilipowatembelea katika chumba cha kompyuta, kijana mmoja wa kidato cha tatu aliniamkia, kisha akaniuliza: "Mzee, tunasikia zamani shule hii ilikuwa na duka lake. Lilifungwa kwa sababu gani?" Nilimjibu kwa maneno ya juu juu tu. Makala hii ndiyo jibu lake kamili.

Duka letu lilikuwa tunda la siasa ya Elimu ya Kujitegemea, ambayo Mwalimu Nyerere aliitangaza mwezi Machi, 1967. Siasa hiyo ilitaka shule iwe pia mahali pa kuzalisha mali, na wanafunzi washiriki katika kuiendesha. Ndiyo sababu shule nyingi zikawa na mashamba, mifugo, karakana na maduka. Duka letu lilikuwa chumba kimoja kando ya bwalo, chenye dirisha moja la mbao. Tuliuza sabuni za vipande, madaftari, kalamu, dawa ya meno, na stuli zilizotengenezwa katika karakana yetu wenyewe. Ukutani palibandikwa yale maneno yanayojulikana na kila mwenye duka: Kukopa harusi, kulipa matanga.

Mwaka 1997, nikiwa kidato cha tatu, nilichaguliwa kuwa mtunza duka. Nilikabidhiwa ufunguo na daftari kubwa lenye safu tatu: kilichoingia, kilichotoka na baki. Muhula wa kwanza hesabu zilikwenda sawa. Muhula wa pili rafiki zangu wakaanza kuja dirishani. "Nisaidie kipande cha sabuni, nitalipa nikitumiwa fedha na nyumbani." Niliona haya kuwakatalia. Kwa kuwa mikopo ilikuwa imekatazwa, sikuiandika katika daftari. Niliiandika katika kikaratasi nilichokiweka mfukoni. Siku moja nikaifua suruali pamoja na kikaratasi chenyewe.

Mwisho wa mwaka rafu zilikuwa tupu, na kasha la fedha nalo halikuwa na kitu. Kwa kuwa daftari lilionyesha kwamba bidhaa bado zipo, ikaaminika kwamba zimeibwa. Aliyeshukiwa alikuwa mlinzi wa usiku, mtu mzima mwenye umri wa baba yangu. Aliitwa mbele ya walimu akahojiwa. Hakupatikana na kosa, lakini doa likabaki katika jina lake, na duka likafungwa. Mimi nilinyamaza. Mzee yule alistaafu bila mtu yeyote kumwomba radhi. Leo namwomba radhi hadharani, ingawa nimechelewa mno.

Nimeanza na aibu yangu kwa sababu historia ya maduka ya mtandao, ukiichunguza vizuri, ni historia ya jambo hili hili: namna ya kuandika kilichotokea, ili watu wasioonana waweze kuaminiana.

Mwezi Mei, 1984, katika mji wa Gateshead, Uingereza, bibi mmoja wa miaka 72, Jane Snowball, aliagiza siagi ya mimea, mayai na vyakula vingine kutoka duka la Tesco bila kutoka nyumbani. Alitumia televisheni yake iliyounganishwa na waya wa simu, kwa mtambo uliotokana na ubunifu wa Mwingereza Michael Aldrich. Mpango huo ulikusudiwa kuwasaidia wazee na watu wasioweza kutembea vizuri. Orodha yake ilifika dukani ikiwa imeandikwa, naye akaletewa bidhaa mlangoni.

Miaka kumi baadaye, tarehe 11 Agosti, 1994, kijana wa Kimarekani wa miaka 21, Dan Kohn, pamoja na wenzake wa kampuni ya NetMarket, walimuuzia mtu wa Philadelphia sahani ya muziki wa Sting kwa dola 12.48 pamoja na gharama ya kuisafirisha. Jambo kubwa siku hiyo halikuwa muziki. Jambo kubwa ni kwamba nambari ya kadi ya benki ilisafiri katika mtandao ikiwa imegeuzwa fumbo, hata mdukuzi asingeweza kuisoma. Mwaka 1995 Amazon na eBay wakafungua milango yao, na mwaka 1996 eBay wakaanza kuwaruhusu wanunuzi na wauzaji waandike sifa za kila mmoja. Kwa maneno mengine, walifungua daftari la tabia.

Na sisi je? Kompyuta ya kwanza katika nchi yetu ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na marufuku hayo yakaturudisha nyuma. Wengi wetu tuliosoma hapa miaka ya tisini tuliiona kompyuta katika picha tu. Baadaye mambo yalikwenda mbio. Huduma ya M-Pesa, iliyokuwa imeanza Kenya mwezi Machi, 2007, ilifika Tanzania mwaka 2008. Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ulitua pwani yetu kupitia baharini. Na mwaka 2015 ikatungwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, iliyozipa kumbukumbu na mikataba ya kompyuta nguvu mbele ya sheria.

Vijana wetu watano walirithi yote hayo. Kwa muda wa wiki nane, baada ya masomo ya jioni, walitengeneza tovuti yenye picha za stuli za karakana, asali ya mizinga yetu na mayai ya banda la kuku. Kurasa zilipendeza sana. Lakini siku ya majaribio wakapokea oda za stuli 14, hali stuli zilizokuwapo zilikuwa 10 tu. Tovuti ilikuwa ikionyesha bidhaa bila kupunguza hesabu kila inapouzwa.

Hawakulala usiku ule. Wakaunda jedwali ndani ya kompyuta, ambamo kila oda iliyolipiwa kwa simu hupunguza idadi papo hapo, na hakuna mstari unaofutika. Ukikosea, unaandika mstari mwingine wa kusahihisha. Nilipoinama kulitazama jedwali lile moyo ulinishtuka. Lilikuwa na safu tatu: kilichoingia, kilichotoka na baki.

Walishika nafasi ya tatu katika mashindano. Mimi nasema walishinda, kwani duka lao bado linauza.

Sasa nina neno kwa wazee wenzangu. Miongoni mwa oda za kwanza nyingi zilikuwa zetu. Baadhi yetu tulipiga simu tukitaka tuletewe mzigo kwanza, tulipe mwisho wa mwezi. "Mimi ni mtu wa shule hii," tulisema, "mnanijua." Vijana wakatujibu kwa adabu kwamba jedwali halipokei oda isiyolipiwa. Nasikia wapo walionuna, wakasema vijana wa siku hizi hawana heshima.

Ndugu zangu, ile ndiyo heshima yenyewe. Laiti ningekuwa na ujasiri wao mwaka 1997, duka letu lingedumu, na mzee wa watu angestaafu akiwa na jina safi. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza kwamba daftari halilindi mali peke yake. Humlinda na asiye na hatia.

Basi, kijana uliyeniuliza, jibu ni hilo. Duka lile halikufungwa na wezi. Nililifunga mimi, kwa kuona haya kuwakatalia rafiki zangu. Hili la kwenu msilifunge kwa kutuonea haya sisi.