Pika, pikia, songa, pakua: vitenzi vya chakula cha nyumbani

Pika ni kitenzi cha jumla chenye maana ya kuivisha chakula kwa moto. Kwa kuwa ni kipana, wengi hukitumia kila mahali, na insha za wanafunzi zimejaa «mama alipika uji», «mama alipika ugali», «mama aliweka chakula kwenye sahani». Sentensi hizo zinaeleweka, ila hazina ladha. Kiswahili kinachosemwa nyumbani, tuseme katika kata ya Hasamba, wilayani Mbozi, ambako familia hulima mahindi, maharage na kahawa, kina vitenzi vinavyoonyesha kazi ya mkono na pia mtu anayekusudiwa kula.

Unga na maji ni vilevile, lakini uji hukorogwa na ugali husongwa. Koroga ni kuzungusha kitu cha majimaji. Songa asili yake ni kubana vitu vikaribiane, maana inayoonekana pia katika msongamano. Mpishi huchemsha maji, hutia unga kidogo, kisha huongeza unga huku akiugandamiza kwa mwiko kwenye ukuta wa sufuria mpaka ushikamane. Hilo ndilo kusonga. «Koroga ugali» hutamkwa kwa dhihaka tu, pale ugali ulipotoka mwepesi. Unga wa chapati nao hukandwa, kisha husukumwa. Kinachobaki kimeganda chini ya sufuria ni ukoko, nao haupikwi wala hausongwi: hukwanguliwa, aghalabu na watoto, na aghalabu kwa ugomvi.

Pikia inahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu mnyambuliko wake una kazi mbili. Katika «sufuria ya kupikia» au «mafuta ya kupikia» hutaja kifaa. Katika «amewapikia wajukuu» hutaja walengwa, na hapo ndipo ukarimu wa nyumba unapoingia katika sarufi. Linganisha «bibi amepika» na «bibi ametupikia». Ya kwanza ni taarifa. Ya pili ina shukrani ndani yake, hata neno asante lisiposemwa. Kauli ya kutendwa, pikiwa, ni ya mgeni, mzazi aliyejifungua au mgonjwa: «leo nimepikiwa» ni kusema kwamba mtu mwingine ameshika mwiko kwa ajili yangu. Pikiana ni ya majirani, hasa wakati wa harusi na msiba. Mwandishi anayeng'ang'ania pika peke yake hufuta uhusiano wote huo kwa kuacha silabi moja.

Pakua ni kutoa chakula chunguni na kukitia katika vyombo vya kulia. Kitenzi hiki ni kinyume cha pakia, na watu wa Songwe wanakisikia katika kazi nyingine pia: mpakani Tunduma, malori yanayoelekea Zambia hupakiwa na kupakuliwa shehena. Siku hizi hata programu hupakuliwa kutoka intaneti. Tofauti ni kwamba chakula hakina kinyume, kwa maana hakuna anayepakia ugali kurudi sufuriani. Kwa mtu, tumia pakulia: «mpakulie babu kwanza».

Mega ni kukata kipande kwa vidole, nacho kipande hicho ni tonge. Serikali pia humega: Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Tonge humegwa ili kuliwa na mboga, na hapa mgeni kutoka pwani huweza kukwama. Bara, swali «leo mboga ni nini?» hujibiwa «maharage», «samaki» au «nyama», kwani mboga ni chochote kinachosindikiza ugali. Penye haja ya kubainisha, husemwa mboga za majani. Katika Kiswahili cha pwani, mboga huelekea zaidi kwenye majani na matunda ya bustani, na samaki au nyama ni kitoweo, neno litokanalo na towea, yaani kula chakula kikavu pamoja na kitu cha kukilainisha. Matumizi yote mawili ni sahihi. Inasikitisha, hata hivyo, kwamba kitoweo kinadumu huku towea yenyewe ikisikika kwa nadra, «tunatowea nini leo?» ni swali zuri kuliko mengi tunayouliza badala yake.

Mwisho, tenga. «Mtu ametengwa» ni habari ya huzuni, ilhali «chakula kimetengwa» ni mwito wa kunawa mikono, kwa maana kimeandaliwa na kuwekwa mbele ya walaji. Tengea huenda mbali zaidi: ni kuweka kando fungu la asiyekuwapo, kama katika «mtengee kaka yako, bado yuko shambani».